Nani Kafungua Gesi

Fundi cherehani alikuwa sebuleni akipinda sketi pua yake ilipomwambia kuna kitu hakiko sawa. Aliacha mashine, akaenda jikoni. Mama mkwe wake alikuwa kwenye stuli akichambua mchele, ametulia tuli. Kishikio cha jiko kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, moto hakuna, gesi inavuma taratibu.

Alifunga, akafungua madirisha na mlango. Taa hakuigusa.

"Mama, gesi ilikuwa wazi."

Mama alimtazama kwa upole. "Nani kaifungua?"

Nyumbani walikuwa wawili tu.

Jioni alimpigia mumewe, dereva wa malori aliyekuwa safarini. Mume alicheka kidogo. "Mama kapika hotelini tangu sijazaliwa. Leo umfundishe kuwasha jiko?"

"Sisemi hajui. Nasema anasahau."

"Umechoka tu. Pumzika."

Siku chache baadaye, akifua, aliona tundu kwenye mkono wa gauni la mama. Kingo zake zilikuwa kavu, nyeusi, zikipukutika zikiguswa. Nguo ndiyo kazi yake. Pasi huacha alama pana ya kahawia. Huu ulikuwa ulimi wa moto. Alimwita mama, akampandisha mkono wa nguo. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge.

"Imekuuma lini hii, mama?"

"Ipi?"

Tangu hapo aliihamishia cherehani karibu na mlango wa jikoni, akawa anashona sikio likiwa upande wa pili.

Mume alirudi siku ya mapumziko. Mama alifurahi, akasema mwanawe atakula viazi vya kukaanga alivyopika yeye mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mume alimkonyeza mkewe: unaona? Mteja alibisha hodi kuchukua nguo yake, mkewe akatoka kumhudumia. Mume akabaki sebuleni na simu yake.

Moshi ulimkuta fundi mlangoni. Alipofika jikoni, mafuta kwenye kikaango yalikuwa yanawaka, moto umeshafika usawa wa kabati, na kitambaa kilichoachwa kando ya jiko kimeanza kuungua. Mama alikuwa dirishani, mgongo kwa jiko, akiangalia nje. Mume alimpita mkewe mbio, akachota jagi la maji kwenye ndoo.

"Weka chini." Sauti hiyo ilikuwa ya mama.

Alikuwa amegeuka. Uso wake haukuwa ule wa siku zote. Ulikuwa wa mtu mwenye wapishi wengi chini yake. "Maji hapana, utatuunguza wote. Mfuniko. Funga gesi. Usikiguse kikaango."

Fundi alishika mfuniko mpana, akausukuma juu ya kikaango kutoka pembeni. Mume alipeleka mkono kwenye kishikio, moto ukamlamba vidole, lakini akafunga. Kitambaa walikizamisha kwenye sinki. Moto chini ya mfuniko ukakosa pumzi, ukafa.

Mume alianza kutafuta dawa ya meno. Mkewe alimvuta hadi bombani, akaushikilia mkono wake chini ya maji hata alipolalamika kwamba umekufa ganzi.

Nyuma yao mama alinusa hewa. "Kuna kitu kinaungua," alisema. "Nani yuko jikoni?"

Mume alimtazama mkewe, maji yakiendelea kutiririka. "Tangu lini yuko hivi?"

"Nilikuambia."

Kabla ya kurudi safarini mume alitoa mtungi wa gesi nje, akaujengea sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo ukawa unaning'inia shingoni mwa mkewe, na mapishi yakawa ya watu wawili, mama akikata, yeye akisimama motoni.

Asubuhi moja fundi alimkuta mama mbele ya jiko, akizungusha vishikio kimoja baada ya kingine, kibiriti mkononi, sikio ameliinamisha.

"Jiko limeharibika, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Limeharibika."

"Fundi atakuja leo?"

"Atakuja."

Mama aliridhika. Alivuta stuli hadi mlangoni, akakaa kumsubiri.