Mama Aliyeongea na Jiko

Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, kwenye chumba chetu kimoja pale Matisi, Kitale, mimi na Hillary tulitazama filamu ya kuchekesha ya maarusi. Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai. Bwana wa filamu alimvalisha mtoto nepi kichwani, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hillary akaapa kwamba wetu atamlea bila kutoka jasho. Nikamwamini, mjinga mimi. Lo, nazitamani siku zile!

Mukhisa alipozaliwa alilia wiki tatu mfululizo. Baba yake alimshika kama sufuria ya moto, kisha akanirudishia. Nilichoka hadi nikampigia Mama simu kule Bumula, Bungoma: njoo unichukue, ndoa imenishinda.

Mama alifika asubuhi na mapema. Lakini kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani moja kwa moja, wala hawakai chumba kimoja. Akaketi nje, akaupa mlango mgongo, akateka maji na kuyabandika kwenye jiko la makaa.

"Nabwile, oga twende," akaniambia.

Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa. Nikaingia bafu la pamoja la wapangaji wa ploti, Hillary akabaki ndani na mtoto aliyekuwa akipiga mayowe. Mara nikamsikia Mama akifoka.

"Wewe jiko! Mutoto akilia hivyo ni gesi. Si umulaze na tumbo juu ya mkono, bana!"

Hillary akajibu kutoka ndani, kwa adabu zote: "Jiko, mkono gani?"

"Ya kushoto, jiko. Kichwa ikae kwa kiwiko. Hiyo ingine isugue mgongo, pole pole."

"Jiko, amecheua!"

"Haya. Si nilikuambia, jiko."

Nilitoka mbio na sabuni masikioni. Mukhisa alikuwa amelala mkononi mwa baba yake, na sasa aliyelia alikuwa Hillary. Mama alishabeba mkoba wake.

"Ati uende wapi, na huyo ndio ameanza kujua kazi?" akasema, akarudi Bumula peke yake.

Kwa miaka minane waliongea hivyo. Homa, jino la kwanza, siku ya kwanza ya shule, yote Hillary alimweleza jiko. Hawakuwahi kupeana mkono hata mara moja.

Mwezi uliopita tulimzika Mama. Jioni, watu wakila uani, nikamkosa Hillary. Nilimpata jikoni kwa Mama, mahali ambapo hangethubutu kukanyaga Mama akiwa hai. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lililopoa, Mukhisa amemlalia begani, miguu mirefu ikiburuzika chini.

"Jiko," alisema, "amemlilia sana nyanya yake. Lakini sasa amelala."

Nikaketi nje, nikaupa mlango mgongo.

"Haya," nikamjibu. "Si nilikuambia, jiko."