Mashati Sita Safi

Karakana nzima ilimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Ndiye aliyekata vitambaa, na ndiye aliyechangamsha mapumziko ya chai kwa kutunga vitanza ndimi. Aliyeteleza ulimi alichekwa, kisha kazi ikaendelea.

Siku hiyo alikuja na kipya: "Mshonaji asiyeshiba hashoni mashati sita safi saa sita."

Mafundi wakajaribu mmoja mmoja. Mama wa vifungo alisema "mashashi", wakavunjika mbavu. Akabaki dada wa pasi, mgeni wa wiki mbili, asiyezidisha salamu.

"Haya dada, zamu yako."

"Mimi niache tu, kaka."

"Aa, hapa haachwi mtu!"

Dada akaweka pasi chini. "Msh... msh... msho..." Shingo ikamkaza, akafumba macho.

Kasuku alidhani ni mzaha. Akadakia, akikaza shingo vilevile: "Msh-msh-msh! Jamani, mashine imekula uzi!"

Kicheko kililipuka. Dada hakuketi. Alisubiri kicheko kiishe, akaanza upya. Neno likamkwama, akalirudia. Likakwama tena, akalisukuma. Chai ikapoa vikombeni. Alipofika "saa sita" jasho lilikuwa likimtiririka, na hakuwa amekosea hata herufi moja. Akachukua pasi yake akaendelea na suruali.

Kasuku akainamia meza. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakata mkono wa koti upande usiohusika. Kila alipokumbuka jinsi alivyokaza shingo, masikio yalimwaka moto.

Jioni, wenzake walipokuwa wakifunika cherehani, alimsogelea dada mezani kwake, akanong'ona, "Dada, nisamehe. Sikujua."

Dada hakuinua macho. "Ku... kunicheka ulinicheka kwa sauti, kaka."

Akamwacha hapo hapo na nong'ono lake.

Kesho yake, chai ilipomiminwa, Kasuku alisimama. Watu wakatega masikio, tabasamu tayari midomoni.

"Jana," akaanza. Yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu akaanza kuokoteza maneno. "Jana nilimwigiza dada. Haikuwa utani. Ni... nilimdhalilisha mbele yenu. Dada, naomba radhi."

Fundi mmoja alikenua meno akidhani kuna kichekesho kinafuata. Mama wa vifungo akamfinya paja.

Dada wa pasi alimtazama Kasuku hata Kasuku akakosa pa kuweka mikono yake.

"Nimesikia," alisema.

Hakusema amesamehe, na Kasuku hakuthubutu kuuliza. Aliketi na kikombe chake, uso chini. Mapumziko hayo hakuna aliyetegwa ulimi. Walisikika wakipuliza chai tu, na nyuma yao pasi ikifoka mvuke.