Siku Waliyomficha Mama

Baba mdogo Ambilikile ndiye aliyeamua kumficha mama, na wala hakuniuliza. Asubuhi hiyo nilikwenda shambani kukata majani ya migomba ya kufunikia chakula cha wageni. Niliporudi, kiti cha mama pale barazani kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshapelekwa kwa jirani yetu Prisca, ng'ambo ya shamba.

"Wakimwona, Lugano hutampata," baba mdogo aliniambia. "Akae huko mpaka waondoke."

Wageni walikuwa wanatoka Kawetele kuja kunichumbia kwa niaba ya Lugano. Huku kwetu Masoko, kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, ukoo wako huchambuliwa kama mchele: nani ana kifafa, nani alikufa kwa pombe, nani anasemwa ni mchawi. Mama yangu Felista ana ugonjwa wa kusahau. Bibi aliyemzaa alikuwa nao, na mama mkubwa alikufa nao. Kwa mfuatano huo, hata mtoto angejua anayefuata ni mimi, Tupokigwe. Na Lugano nilimpenda, sifichi. Nilimpenda kiasi cha kuogopa kumkosa.

Nilitaka kumfuata mama hapo hapo, lakini wageni walikuwa wameshaingia uwanjani. Nikasukumwa chumbani, maana binti anayechumbiwa haonekani mpaka aitwe. Nikiwa mle ndani nilimsikia shangazi yake Lugano akimuulizia mama wa binti. Baba mdogo akajibu, bila hata kukohoa, kwamba shemeji yake amesafiri kwenda Kiwira. Mwanamke aliyenilea kwa kuchuma chai kwenye mvua, leo anafichwa kama pombe haramu!

Wakaniita. Baba mdogo akaniuliza lile swali la siku zote, kama nawajua wageni hawa. Binti anatakiwa ainamishe kichwa, aseme ndiyo, maana yake amekubali kuolewa, wanawake wapige vigelegele.

"Sijibu bado," nilisema. "Mama hajasafiri. Yuko kwa Prisca, mmemficha. Naenda kumleta."

Nikatoka na kitenge changu kipya, nikakatiza katikati ya migomba. Nilimkuta mama anamenya ndizi. Jina langu huwa linampotea, lakini kisu mikono yake haijakisahau. Nilimshika mkono, akakataa kuondoka bila beseni lake la ndizi na kisu, basi tukaja navyo.

Tukaingia sebuleni. Mama aliwasalimia wote, "Mugonile," mmoja baada ya mwingine, kwa adabu zake zote. Alipofika kwa wa mwisho akarudi kwa wa kwanza, akaanza upya. Baba mdogo aliinamia viatu vyake. Shangazi aliniuliza waziwazi kama ugonjwa huo unarithiwa.

Nikamwambia alichonieleza daktari nilipompeleka mama Mbeya. Kuna vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa, na huenda vimo katika ukoo wetu. Lakini kuwa navyo si hukumu. Wapo wanaovibeba na wanazeeka na akili zao timamu, na wapo wasiokuwa navyo na wanaugua.

"Basi kapimwe kwanza," shangazi akasema. "Tukishajua, tutarudi."

"Sipimwi, shangazi. Siku nikitaka kujua kwa ajili yangu, nitakwenda mwenyewe. Kwa ajili ya kuwatuliza nyinyi, siendi."

Sikumwangalia Lugano kwa sababu ningelia. Siku kama ile bwana harusi mtarajiwa hasemi wala hafanyi chochote. Anakaa tu na suti yake, wazee ndio wanaozungumza. Ila mama hakuwa na habari na utaratibu huo. Alimaliza kusalimia, akalitua beseni mbele ya Lugano na kumpa kisu.

"Menya," alimwamuru. "Watu wana njaa."

Lugano alimtazama shangazi yake, akamtazama mama. Akavua koti, akapandisha mikono ya shati, akaanza kumenya. Alikuwa anamenya vibaya sana. Utomvu ulimchuruzika mpaka kwenye shati jeupe, na utomvu wa ndizi hautoki. Mama akavuta kigoda, akakaa karibu yake amsimamie.

Shangazi alishindwa kuvumilia.

"Na siku ukimsahau huyu mwanetu, itakuwaje?"

"Atanikumbusha," nilisema. "Akichoka, aende zake. Sitakumbuka hata kumlilia."

Lugano alicheka, peke yake, huku ameinamia beseni. Baba mdogo, jasho likimtoka, akaona aniulize tena kama nawajua wageni.

"Nawajua," nikajibu. "Na mama anakaa na mimi popote nitakapoolewa."

Vigelegele havikupigwa. Lugano alichukua ndizi nyingine, mama akamwambia atoe ganda tu, asikate na nyama ya ndizi.