Kuruta wa Mwisho

"Nataka tepe, Afande," alisema Mabula. "Moja tu. Nikikosa, naondoka."

Zamoyoni hakuinua kichwa. Sindano ya cherehani ilikuwa katikati ya kwapa la shati, na shati lenyewe lilikuwa la Mabula. Hii ilikuwa mara ya nne kulishona mahali palepale, kwapa la kulia, na kila mara lilifumuka upya, ilhali la kushoto lilikuwa zima kama siku lilipokatwa. Fundi yeyote angejua sababu. Mwenye shati aliinua mkono wa kulia kupita kiasi.

"Uondoke uende wapi?"

"Nyumbani Didia. Bagika, wachezaji wa kwetu, wameniita kwenye ngoma yao. Kule kila mwaka kuna kipya. Mwaka juzi wamecheza na chatu. Mwaka jana wamechonga ndege wa mti, anapiga mabawa, watu wote wakawahama wapinzani wetu Bagalu wakaja kutazama ndege. Mimi hapa mwaka wa tatu ni saluti tu. Nimechoka gete, nimechoka kabisa."

Kisha, kwa mazoea, akapiga saluti, na akashuka barazani kurudi kwenye kiwanda cha pamba alikokuwa akibeba marobota.

Nyota Njema ilikuwa ngoma ya gwaride, beni, kama zilivyokuwapo katika miji mingi siku hizo. Siku za kazi wanachama wake walikuwa wachinjaji, mafundi baiskeli na wapishi wa hotelini pale Shinyanga mjini. Jumapili alasiri walivaa kaki, wakapuliza tarumbeta, wakawa jeshi. Mtu aliingia akiwa kuruta, anatembea pekupeku mkiani na kupigiwa kelele. Akivumilia, akahudhuria misiba ya wenzake na akajua kugeuka bila kumkanyaga jirani, alipata tepe moja. Baadaye mbili, baadaye nyota. Utamu wote ulikuwa humo: siku zote kulikuwa na mtu mbele yako mwenye kitu begani ambacho wewe hukuwa nacho, na ungeweza kukipata.

Shida ni kwamba watu walikipata. Ngoma ilikuwa na miaka ishirini, na waliovumilia wote walikuwa wamefika juu. Nassibu mchinjaji alikuwa Kingi kwa mwaka wa kumi na mbili, na hata baada ya Uhuru hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba wafalme wamepitwa. Akida fundi baiskeli alikuwa Jenerali. Waliobaki walikuwa kanali na meja, na walipoanza kupiga miayo Zamoyoni, ambaye ndiye katibu na ndiye fundi, aliwatungia vyeo vipya. Alimshona Kapteni wa Anga, ingawa chama hakikuwa na hata mwamvuli. Alimshona Admirali wa Ziwa, bwana mmoja aliyeogopa kuvuka mto wakati wa masika. Kila cheo kiliwachangamsha wiki mbili tatu, kisha mtu akauliza, "Na baada ya hapa?"

Kutoka arobaini wakabaki kumi na saba. Vijana hawakuja tena. Jumapili walikwenda kwenye dansi ukumbini, kwenye magitaa, ambako mtu haulizwi cheo chake mlangoni. Wakubwa kumi na sita, basi, na kuruta mmoja. Kila walipokutana Mabula alipita mstari mzima akimpigia saluti mmoja mmoja, na kila mmoja alijiweka sawa, akatoa kifua, akaipokea. Kwa dakika ile ngoma ilikuwa hai. Halafu Mabula alifika mwisho wa mstari, na wakubwa wakabaki wanatazamana.

Zamoyoni aliyajua haya yote na yalimuuma kuliko alivyoonyesha. Yeye mwenyewe alikuwa Kanali, nyota tatu kila bega. Mwaka wa arobaini alikwenda Tabora kuandikishwa vitani na wenzake wanane. Daktari alimwambia atembee hadi ukutani na kurudi. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, akaambiwa aende nyumbani. Wale wanane waliporudi walikuwa na hadithi, na yeye alikuwa na cherehani. Nyota Njema ndiyo iliyompa mtu wa kumwita Afande, na aliposimama imara mabega yaking'aa nyota, hakuna aliyetazama miguu.

Ijumaa baada ya sala waliitana uani kwa Nassibu. Zamoyoni alisoma ombi la Mabula. Hakuna aliyelipinga, na hakuna aliyelikubali.

"Kazi ya koplo ni kumfundisha kuruta," alisema Akida. "Mkimpa tepe, atamfundisha nani? Koplo bila kuruta ni mtu aliyevaa uzi."

"Tutafute kuruta mwingine," alisema Admirali.

"Tulitafuta kuanzia mfungo mosi. Mwanangu mwenyewe amekataa. Kaniuliza, baba, ukishakuwa jenerali unafanya nini?"

"Ukamjibuje?"

Akida alikuna kidevu. "Nikamwambia anipe spana."

Walicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Nassibu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, alisema tepe haiwezekani mpaka apatikane kuruta, na kama Mabula anakwenda zake, basi ngoma itapumzishwa baada ya gwaride la Saba Saba. Alilisema hilo la kupumzishwa polepole, kama mtu anayezungumzia mgonjwa akiwa chumba cha pili. Hakuna aliyebisha. Zamoyoni aliandika katika daftari, na alipomaliza kuandika aliona hajaelewa alichoandika.

Nyumbani mkewe, Mwasiti, alikuwa akichagua mchele.

"Wamesemaje, Baba Chiku?"

Akamweleza.

"Wanaume kumi na saba mnakosa wa kupiga kelele na wa kupigiwa," alisema Mwasiti. "Ngoma ya wakubwa watupu. Hata mimi ningehama."

"Si wakubwa watupu. Yupo Mabula."

"Mmoja. Na huyo mnamtumia kama kioo."

Zamoyoni aliinuka. Alitoka barazani, akachukua koti lake la kaki kwenye msumari, akaliweka mapajani, akatafuta wembe.

Kufumua si kazi ngumu kama fundi aliyeshona alikuwa na haraka. Nyota hizi zilishonwa na mtu asiye na haraka. Alizipitishia uzi mara tatu, wa nta, akazificha ncha zote chini ya pindo, siku ile alipopewa ukanali na kukesha kwa furaha. Sasa ilimbidi aingize ncha ya wembe chini ya kila mshono, akate, avute kwa kucha, apulize, aingize tena. Bega la kulia lilimchukua alasiri nzima. La kushoto hadi magharibi. Koti lilikuwa limepauka kwa jua la Jumapili nyingi, lakini chini ya nyota kaki ilikuwa bado mbichi, na umbo la kila nyota likabaki pale, jeusi, hata baada ya nyota kutoka. Alilisugua kwa kitambaa cha maji. Halikutoka. Akalisugua tena, kwa ukucha.

Mwishowe akaliacha koti, akachukua shati lake la kazi la kitambaa cha marekani, lisilo na kitu. Kisha akakata kipande cha kitambaa chekundu na kukishona kwenye mkono wa shati la Mabula, tepe moja, uzi mara tatu.

Siku ya Saba Saba, Jumatano, barabara kuu ilijaa tangu asubuhi. Wakulima walikuja na baiskeli na magari ya ng'ombe, maana pamba ilikuwa imekwisha vunwa na watu walikuwa na nafasi. Kati ya kumi na saba wa Nyota Njema walifika kumi na mmoja. Nassibu alisimama mbele na taji lake la bati, nyuma yake Akida, nyuma yake wengine kwa vyeo. Walipomwona Zamoyoni akivua viatu na kusimama mkiani, walidhani ametumwa kurekebisha kitu.

"Bwana Katibu," alisema Akida, "nafasi yako ni huku."

"Mmetaka kuruta. Kuruta huyu hapa."

"Wewe? Mtu mzima?"

"Kanuni haitaji umri. Mimi ndiye niliyeiandika."

Nassibu aliitazama miguu yake mitupu. Tarumbeta ilikuwa imeshaanza. Akageuka mbele, gwaride likaondoka.

Mabula alikuwa ubavuni mwa Zamoyoni na tepe yake. Mwanzo alitembea tu, anaitazama, anaigusa. Hatua hamsini hivi zikapita. Kisha akajikumbuka.

"Kushoto kulia! Kushoto kulia! We kuruta! Nyosha huo mguu!"

Zamoyoni alihisi damu inampanda usoni. Watu wa kando wakageuka. Mabula hakuwa na ubaya wowote. Aliyasema maneno aliyoambiwa yeye kwa miaka mitatu, tena aliyeyasema mara nyingi kuliko wote alikuwa Kanali Zamoyoni, kwa sauti ileile ya puani. Ndiyo amri pekee Mabula aliyoijua kwa moyo.

"Nyosha, nimesema!"

Akaunyosha. Mguu ulifika ulipofika. Akayumba, mtu akacheka, mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Jamani, mwacheni mzee wa watu." Mwasiti, ambaye alikuwa amesimama mbele ya duka la vyombo, alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Zamoyoni alimwona na aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya Tabora mbele ya ukuta. Akaunyosha tena.

"Juu! Geuka kulia! Siyo huko!"

Alikuwa amegeuka kushoto. Miaka mingi ya kutoa amri ilikuwa imemsahaulisha kuzifuata. Kicheko kilikuwa kikubwa sasa, na watu walianza kutembea sambamba na mkia wa gwaride ili wasikose. Alikosea tena penye njia ya stesheni, akakanyagana na Mabula, akarudi kwenye mstari. Safari ya tatu aligeuka sawa, kwa wakati, na mguu ukatua palepale pigo la dramu lilipotua. Umati ukapiga kelele. Wengine walikuwa wakimwita kwa cheo, "Kuruta! Kuruta!" Jasho lilikuwa likimwingia machoni na nyayo zilikuwa zikiungua. Zamoyoni aligundua kwamba anaingojea amri inayofuata, na kwamba hajui itakuwa ipi, na alifurahi kama mtoto.

Walipofika uwanjani Nassibu aligeuka nyuma kupokea heshima ya umati. Umati haukuwapo. Ulikuwa mkiani, umemzunguka koplo na kuruta wake, na mbele ya Kingi palikuwa na mbuzi wa mtu, amefungwa kwenye mti wa mwarobaini.

Jumapili iliyofuata Zamoyoni aliwahi uwanjani kabla ya wenzake. Nyayo zilikuwa bado zina malengelenge. Alimkuta Mabula ameshafika kwa baiskeli kutoka Didia alikokwenda kusalimia, ameketi juu ya jiwe, anamenya karanga kutoka mfukoni.

"Shikamoo, Afande," alisema Mabula, kisha akakumbuka, akanyamaza, hajui aiweke wapi shikamoo yake.

"Marahaba, Koplo," alisema Zamoyoni, akampigia saluti.

Wakaja wawili, wakaja watatu, wakaja hata wale waliokosa Saba Saba. Akaja Akida na mwanawe, ambaye alisimama mbali na mikono mifukoni, kutazama tu. Wa mwisho alikuwa Nassibu. Hakuwa na taji. Kichwa chake kilikuwa wazi na upara uling'aa, na watu walihangaika pa kutazama kwa sababu hawakuwahi kuuona siku ya Jumapili. Alisimama mbele ya Zamoyoni, akainama kwa shida kwa ajili ya tumbo, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nimekuwa kingi miaka kumi na miwili," alisema akiwa bado ameinama, "na hakuna siku niliyoambiwa nimekosea."

"Ndiyo, Mzee."

"Nisimame wapi?"

"Nyuma yangu," alisema Zamoyoni. "Mimi nimekutangulia."

Nassibu alifikiri kidogo, akaona ni haki. Akaviweka viatu pembeni, akaenda nyuma ya Zamoyoni, akakanyaga changarawe ya moto, akabadilisha mguu, akabadilisha tena, kisha akatulia, mikono ubavuni na kidevu juu. Uwanja mzima ukamtazama Mabula, ukingoja amri.

Mabula alimaliza karanga zake kwanza.