Fulana ya Rambirambi

Siku nilipoletewa viazi vya msiba nilikuwa juu ya ngazi, nabadilisha balbu juu ya njia namba sita ya ukumbi wetu wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito kuangusha pini za mbao. Aliyevileta ni Arlene Tschantz, mke wa mchungaji wetu, na vilikuwa bado vya moto: viazi vilivyookwa na jibini na krimu, vile ambavyo kwetu Ohio hupikwa mtu akifa. Nilishuka ngazi mbiombio, nikijua kuna mtu wangu kafa.

"Nani, Arlene?"

"Pole sana, Roz mpenzi. Sote tumekulia humu. Mimi na Walt tulianza uchumba pale kwenye meza ya chipsi."

"Nauliza nani kafa."

"Ukumbi," akasema, akanishika mkono.

Alisema hayo akiwa amesimama ndani ya ukumbi wenyewe. Mashine ya soda ilikuwa ikinguruma ubavuni mwake, na kwenye njia namba mbili baba mmoja na binti zake walikuwa wakirusha matufe na kuangusha pini kwa kelele za kuamsha maiti yeyote. Nilimwonyesha. Arlene akawatazama, akanitazama mimi, akasema, "Ah, kumbe mnafunga polepole."

Viazi nilivila, mimi si mtu wa kutupa chakula. Lakini kwanza nilimuuliza habari hizo kazitoa wapi, akasema Walt kanunua fulana mjini kwa Trevor Haas, nzuri kweli, laini, ya kijivu. Ina jina letu kifuani, DOMBROWSKI, na chini yake miaka: 1959 hadi 2018. Tangu mwaka huo ilikuwa imepita miaka sita, na kila siku ya kazi katika miaka hiyo sita mimi nimefungua mlango kwa mkono wangu.

Ngoja nieleze kwa nini jambo hilo halikuwa la kucheka. Ukumbi huu wa bolingi aliufungua baba yangu, na tangu afariki tunaumiliki mimi na kaka yangu Casimir, nusu kwa nusu. Casimir anaishi Florida, ambako watu wa kwetu huenda kupumzisha magoti. Mwezi wa Aprili kampuni moja ya maghala ya kukodisha, wale wanaokupangishia chumba cha kuwekea makochi usiyoyataka lakini huna moyo wa kuyatupa, ilimwandikia ikitaka kiwanja chetu. Casimir alitaka kuuza siku ileile. Nikakataa. Tulibishana kwa simu wiki tatu, mpaka tukaafikiana hivi: ligi ya Alhamisi huanza kila mwaka baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba. Timu kumi zikijiandikisha kabla ya sikukuu, Casimir hauzi, wala halitaji tena neno hilo mimi nikiwa hai. Zikipungua, natia sahihi. Mwaka uliotangulia tulikuwa na timu kumi na moja, kwa hiyo niliona nimeshamlaza chali.

Kumbe kuna mtu mjini keshanizika.

Duka la Trevor liko katikati ya mji, ndani ya lililokuwa duka la viatu. Anauza fulana za vilivyokufa tu. Kiwanda cha vioo, timu ya hoki iliyovunjika nikiwa shuleni, duka la ghorofa nne ambako mama zetu walitununulia makoti, bustani ya mabembea iliyoungua, maonyesho ya mwaka 1976. Fulana zote ni mpya, lakini anazichakaza makusudi, rangi inapasukapasuka na kufifia ili mtu akiivaa ionekane imefuliwa miaka arobaini. Na watu wanalipa zaidi kwa nguo iliyochoka. Yetu ilikuwa imetundikwa dirishani mbele kabisa, ina pini iliyovaa taji, taji ambalo baba yangu hakuliwazia hata siku moja.

Trevor mwenyewe ana miaka thelathini na kitu, ndevu nadhifu, adabu tele. Adabu yake ndiyo iliyonichosha zaidi. Ungempata mjeuri ungemgombeza ukaondoka na raha yako.

"Bi Roz," akasema, akininyooshea mikono yote miwili. "Nilitamani sana kukuona. Nilitaka ujue nimeifanya kwa heshima."

"Trevor, barabara ya Summit umepita lini?"

"Huko sipiti sana, kusema kweli."

"Ni dakika sita kutoka hapa ulipo."

"Najua, ila sina cha kunipeleka."

"Cha kukupeleka kipo. Tumefungua saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku, isipokuwa Jumapili."

Uso ukamshuka. Akanifungulia kompyuta kunionyesha ukurasa wetu wa mtandaoni. Habari ya mwisho ni ya Novemba 2018, bahati nasibu ya bata mzinga. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiuendesha, akahamia Denver na neno la siri kichwani mwake, na sisi wengine hatukuukumbuka tena.

"Miaka sita kimya," akasema Trevor. "Ungekuwa wewe ungedhanije?"

"Ningepiga simu."

"Sisi hatupigi simu, Bi Roz."

Nilimwambia aufute mwaka wa kufa. Akakuna ndevu. Akasema atafuta, haki ni haki, lakini fulana haitatoka tena dukani. Nikamuuliza kwa nini. "Hakuna anayevaa fulana ya mahali anapoweza kwenda," akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama fundi anavyokwambia bomba limeoza.

Aliufuta kweli, na dirishani akabandika karatasi kubwa: UKUMBI WA DOMBROWSKI BADO UKO WAZI. Watu wakaipiga picha karatasi hiyo. Wakaitupia mtandaoni na alama za moyo. Mmoja akaandika kwamba ni kweli kabisa, haiwezi kufungwa milele milango ya utoto wetu. Nilipoonyeshwa nilitaka kulia kwa hasira.

Mwezi wa Julai nilikwenda kwenye maonyesho ya wilaya na mfuko wa vikaratasi vya ligi. Nilihesabu fulana kumi na mbili za ukumbi wangu kabla sijafika kwenye banda la nguruwe. Nikamsimamisha jamaa mmoja mnene aliyekuwa anakula soseji.

"Fulana nzuri," nikamwambia.

"Ee bwana, palikuwa mahali hasa pale."

"Pako bado."

"Pako," akasema, akajigusa kifuani. "Humu."

"Pako barabara ya Summit, jirani na fundi wa matairi. Alhamisi kuna ligi. Chukua karatasi."

Akaipokea, akaisoma, akafurahi kutoka moyoni. Akanieleza siku yake ya kuzaliwa alipotimiza miaka tisa, keki, na mjomba wake aliyeteleza kwenye njia na kuvunjika meno mawili. Nikamuuliza mara ya mwisho kuja ilikuwa lini. Akafikiri. "Ni hiyohiyo," akasema. Halafu akaitumia karatasi yangu kufutia haradali.

Ndivyo ilivyokuwa majira yote ya joto. Mji mzima ulinipenda. Nilikumbatiwa kwenye foleni ya benki. Daktari wa meno alinieleza habari za baba yangu huku vidole vyake vimo kinywani mwangu, nisiweze kumjibu. Mtu akifa hasemwi vibaya, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimekufa nilisifiwa mpaka nikachoka. Ila viatu vya kuchezea, ambavyo kila mteja hukodi kaunta, vilikaa rafuni vikavu, sikuwa hata na haja ya kuvipulizia dawa.

Kisha zikaanza simu za manahodha wa timu. Wa kwanza kabisa alikuwa Dot Metzger, na huyo ndiye aliyeniuma. Dot ana miaka sabini na sita. Amecheza Alhamisi kwetu tangu mwaka 1974, na ndiye aliyenifundisha kurusha tufe nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, maana baba hakuwa na subira.

"Tuliiona fulana, mwanangu," akasema. "Tukajua ndiyo basi tena. Tumejiandikisha kwenye ule ukumbi mwingine, ng'ambo ya mto."

"Lakini mimi nimefungua, Dot."

"Najua, sasa najua. Ila tumeshajiandikisha."

"Si mnajitoa tu?"

"Ah, tumeshawapa neno, Roz. Unajua tena."

Nilijua. Kwetu ukishatoa neno kwa mgeni hulirudishi, hata kama ulilitoa kwa makosa. Baada ya Dot wakapiga wengine watatu, maneno yaleyale, fulana, pole, tumeshawapa neno. Nilimlaani Trevor Haas asubuhi na jioni. Nililaani taji la pini. Kumi na moja ukitoa nne zinabaki saba, na wapya sikuwapata, pamoja na vikaratasi vyangu vyote.

Jumamosi kabla ya sikukuu, mchana, niliweka mtu kaunta nikavuka mto. Nilijua timu zangu nne ziko huko kwa mazoezi. Nilitaka tatu tu. Njiani nilipanga maneno yangu vizuri: nitawasamehe mbele za watu, nitawapa msimu mzima wa chipsi za bure, nitalia ikibidi.

Dot alikuwa njia namba tisa na wenzake wawili. Aliponiona akaweka tufe chini taratibu.

"Dot, nimekuja kuwachukua," nikasema. "Neno nitalirudisha mimi mwenyewe. Nitamwambia mwenye ukumbi kosa ni la yule kijana wa fulana, kuandika kwamba nilifunga mwaka 2018, na nyinyi mkaamini kwa nia njema, maana hamkuwa na jinsi ya..."

Miezi miwili nilikuwa nimelibeba jambo hilo mgongoni bila kuligeuza nilitazame.

"Dot. Aprili mwaka huu mlikula keki ya kufunga msimu kwangu."

Akalitazama tufe lake sakafuni.

"Wewe ndiye uliyeikata. Mlinikumbatia mlangoni wote mkasema tutaonana Septemba. Fulana inawezaje kuwaambia nilifunga miaka sita kabla ya keki?"

Wenzake wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana kiu, wakaenda kutafuta soda. Dot akakaa, akanivuta nikae naye.

"Ile mashine yako ya kurudisha matufe," akasema. "Mwaka jana nilisubiri tufe langu mpaka nikamaliza rozari."

"Nitaitengeneza."

"Ulisema hivyo 2011. Viti havina migongo. Wanda ana nyonga ya chuma, anacheza kwako, akirudi nyumbani hapati usingizi kwa maumivu. Na mabomba ya kupasha joto ukumbi hayapashi, Januari tunarusha tukiwa na makoti."

"Mngeniambia."

"Tulikwambia kila mwaka, mwanangu. Ukatujibu viti hivyo baba yako alivifunga kwa mkono wake."

"Basi mngeniambia mnaondoka."

"Nikwambie wewe? Usoni?" Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti haikutetereka. "Tulikaa na hilo jambo miaka mitatu, kila nahodha anamsukumia mwenzake. Fulana ilipotoka tulipumua. Nisamehe, Roz. Ndiyo ukweli, tulipumua."

Nilitafuta hasira yangu, ile niliyoizoea, nikaikuta haina pa kusimama. Trevor Haas alikuwa hajanifanyia chochote. Aliandika tu kile ambacho wenzangu walikuwa wakitafuta adabu ya kukisema.

Dot akajipangusa pua, akatazama saa. "Wanda kachelewa. Sisi tuko watatu. Tuchezee nafasi yake, usikae hapa unanitolea macho."

Nikakodi viatu. Tangu nizaliwe sijawahi kukodi viatu. Nikarusha tufe la kwanza, nikageuka, na kabla sijafika kwenye kiti tufe lilikuwa limesharudi, limekaa kimya linanisubiri. Alama zinajiandika zenyewe juu ukutani. Nilirusha mchezo mzima nikapata mia moja tisini na moja, na kwangu sijavuka mia moja sitini kwa miaka kumi. Kati ya zamu na zamu nilikaa kwenye kiti chenye mgongo. Nikaegemea. Nilipenda. Katika upuuzi wote wa majira yale, viazi, mioyo ya mtandaoni, haradali, hakuna kilichonikera kama hicho, kwamba nilipenda.

Nilitoka nje kwenye maegesho nikampigia kaka yangu.

"Ngapi?" akauliza.

"Saba."

Casimir alikuwa na haki ya kucheka, hakucheka. "Siku mbili bado, dada. Wewe nakujua. Tatu utazipata."

"Ningezipata," nikamwambia. "Wamo humu ndani, ningewalilia wangerudi. Wangerudi wakae kwenye viti vya baba mpaka mwezi wa Aprili, wasiseme kitu." Nikavitazama viatu vya kukodi miguuni mwangu. "Leta karatasi, Casimir. Nitie sahihi kabla sijaona aibu zaidi."

"Una hakika?"

Dot alikuwa amechungulia mlangoni, tufe langu kalikumbatia kifuani, ananiita kwa kidole kwamba zamu yangu imefika. Nikamwambia Casimir kwamba nina hakika, na kwamba siwezi kuongea zaidi, watu wananisubiri.