Mahari ya Mwaka Themanini na Moja

Msabah aliweka noti mbili mezani, moja ya elfu mbili na moja ya elfu.

"Mama, mahari yako hii. Cheti cha ndoa kinasema shilingi elfu tatu, na mzee kafariki hajakulipa."

Bi Mwatum hakuzigusa. Ilikuwa mara ya nne wanakaa kwa jambo hilo tangu mumewe, Mzee Borafya, azikwe, katika sebule ile ile ya Mkunazini, mbele ya Sheikh Suhail ambaye jamaa walimwomba awapatanishe kabla mirathi haijagawiwa. Kila mara alirudi chumbani kichwa kikimgonga.

"Elfu tatu leo nnapata nini, Msabah? Bakuli la urojo."

"Nnajua. Lakini sikuandika mimi."

"Kaandika baba'ngu, na mpaka leo nna hasira naye."

Babake alikuwa karani wa posta. Mwaka 1981 Borafya, aliyefiwa na mke akaachiwa watoto wanne, mkubwa wao Msabah wa miaka minane, alikuja kuposa akaahidi bangili nne za dhahabu. Karani akakataa. Dhahabu, alisema, huibiwa na huchanganywa na shaba. Noti ina serikali nyuma yake. Basi sonara akazipima bangili, bei ikatoka elfu tatu, ikaandikwa hiyo. Borafya angelipa akipata. Hakupata, na Bi Mwatum aliona haya kumdai mtu anayekula naye sahani moja.

Sheikh Suhail alivua miwani akayafikicha macho.

"Wanazuoni wa kale walikhitilafiana ilipoanguka thamani ya sarafu za shaba. Wako waliosema deni hulipwa kwa idadi ile ile. Wako waliosema hulipwa kwa thamani ya siku lilipoandikwa. Wote wana hoja."

"Na wewe, sheikh?"

"Mimi nnaomba suluhu."

"Sonara kaniambia bangili nne kama zile sasa ni milioni tisa," alisema Msabah. "Tuko ndugu wanne, mama, na cha kugawana ni kuiuza nyumba hii tu, nayo inaoza. Nlipopunguzwa kazi, kiinua mgongo changu kilichelewa miaka mitatu, kilipokuja hakikununua hata bati za kuezekea. Mimi nani alinilipa thamani?"

Bi Mwatum akamtazama: ndevu zimeingia mvi, macho mekundu. Huyu alimpokea mtoto, akamwogesha, akamfundisha kufunga vifungo vya shati. Aliitafuta hasira yake, hakuiona. Alihisi magoti tu yakimuuma.

"Bangili mbili," alisema. "Kwa bei ya siku nyumba itakapouzwa, si ya leo."

"Umeridhika, Bi Mwatum?" aliuliza sheikh.

"Sikuridhika. Nshachoka. Andika."

Nyumba iliuzwa baada ya miezi mitano. Dhahabu ilikuwa imepanda tena, na Msabah alilipa milioni tano na ushei bila ya neno. Bi Mwatum alichukua hizo pamoja na thumni yake ya mjane, sehemu moja ya nane ya urithi, akahamia kwa dada yake Jambiani.

Siku ya kuondoka Msabah alimbebea godoro mpaka kwenye gari, akainama dirishani.

"Mama, nnaomba radhi zako."

"Unazo, mwanangu. Siku zote."

Alitaka kuongeza kitu, akaona kirefu. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, na hata mjini hawajatoka, alikuwa keshalala.