Tembo wa Pampu ya Pili

Kwenye kituo cha maji, kila aliyefungua kompyuta ya pampu alilakiwa kwanza na maandishi juu ya kioo cheusi. Yalianza kama salamu. Baadaye watu wa zamu wakayafanya mahali pa kuachiana maagizo, kisha utani, kisha bosi akabandika chini kabisa tembo aliyechorwa kwa nukta na vistari. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Siku hiyo Bi Mitambo alikuwa hoi, mgongo unamuuma, macho mazito. Mdogo wake, mchomeleaji, alikuwa ndani ya tangi la pampu ya pili akiziba ufa. Kabla ya kutoka zamu, Bi Mitambo aliandika kwenye maandishi yale: pampu ya pili isiwashwe, kuna mtu ndani. Onyo hilo akaliweka juu kabisa, maana neno zito hukaa juu.

Alipofika getini hakutaka kuondoka bila kuhakikisha. Akampigia Kipara, aliyempokea zamu.

"Umesoma nilichoandika?"

"Nimemwona tembo wa bosi, dada. Anazidi kunenepa."

"Juu ya tembo."

"Juu hakuna kitu. Kioo kimejaa tembo."

Ndipo akaelewa. Maandishi yalikuwa marefu kuliko kioo. Tembo alikuwa amelisukuma neno lake juu, likapita bila kuonekana.

"Pampu ya pili umeiwasha?"

"Bado, ndiyo naiendea."

"Toa mkono hapo, Kipara. Mdogo wangu yumo ndani."

Kipara akasema taratibu, "Nimeutoa. Nimeukalia kabisa."

Bi Mitambo akarudi akijikokota. Kipara alikuwa kweli amekalia mkono wake. Bi Mitambo akavuta kiti, akaanza kufuta: pongezi za arusi ya mtu aliyekwisha achika, onyo la panya, utani wa mshahara. Akafika kwa tembo.

"Bosi atanuna," Kipara akasema.

"Anune. Nina ndugu mmoja tu."

Akamfuta tembo naye, akabakiza mstari mmoja tu: onyo lake. Akatoka kwenye kompyuta, akaingia tena, akausoma. Wakakaa wote wawili wakiusoma, hadi mchomeleaji alipotokea mlangoni, mwekundu kwa kutu, akiuliza kwa nini dada yake hajaenda kulala.

"Nilikuwa nakungoja," Bi Mitambo akasema, akaufuta na ule mstari.